Majani meupe juu ya jiwe jeusi: vijana na foto za mabomoko yetu

Mutu anayetembea leo katika muji wa Goma anatembea juu ya muji mwingine. Chini ya njia, chini ya maduka na chini ya nyumba za mbao, kuko nyumba za watu, mashule na makanisa yaliyofunikwa na moto wa Nyiragongo tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002. Pahali pengine kuta zilibaki zikitoka juu ya jiwe kama meno ya muzee. Watoto wanacheza pale, mama wanaanika nguo pale. Lakini ukiuliza mutoto wa miaka 12: «Hapa palikuwa nini?», mara nyingi hajui. Na wale waliojua wanaanza kutuacha.

Vijana wetu wengi wana telefone yenye kupiga foto. Siku hizi wanapenda aina moja ya foto ambayo majani yanakuwa meupe kama theluji ama yanageuka rangi ya waridi, anga inakuwa nyeusi, na mabomoko yanaonekana kama mambo ya ndoto. Wanaiita infraruji. Wazazi wanauliza: Hii ni kitu gani? Ni kweli ama ni uongo? Inaweza kufaa kitu katika jamaa, ama ni muchezo wa kumaliza megabayti bure?

Maulizo haya ni mazuri. Tuyajibu polepole, moja kwa moja.

MWANGAZA AMBAO JICHO HALIONI

Katika mwaka wa 1800, William Herschel, mutu aliyezaliwa Ujerumani na kuishi Uingereza, alipitisha mwangaza wa jua ndani ya kioo cha pembe tatu. Mwangaza ukatawanyika kuwa rangi nyingi, sawa upinde wa mvua. Akaweka vipima-joto ndani ya kila rangi. Kisha akaweka kimoja pembeni, kupita rangi nyekundu, pahali ambapo jicho halikuona kitu chochote. Kile kipima-joto kikapanda kuliko vingine. Ndipo watu wakajua kwamba jua linatuma mwangaza mwingine ambao hatuoni. Huo ndio infraruji, maana yake «chini ya nyekundu».

Wenye elimu wanapima mwangaza kwa nanometre. Nanometre moja ni milimetre moja iliyokatwa mara milioni. Jicho la mutu linaona tangu karibu 400 mupaka karibu 700. Foto ya infraruji ya kweli inatumia mwangaza wa 700 mupaka karibu 900. Tusichanganye jambo hili na zile apareyi zinazoonyesha joto la mwili usiku. Zile zinatumia mwangaza wa mbali zaidi. Infraruji ya foto inatoka kwa jua, inapiga jani, inarudi katika apareyi, kama mwangaza mwingine wote.

Mutu wa kwanza kuonyesha watu foto za namna hii alikuwa Robert Williams Wood, mwalimu wa fizika wa Marekani, katika mwaka wa 1910. Watu walishangaa kuona miti myeupe chini ya anga nyeusi saa ya muchana.

Unataka kuhakikisha kwamba mwangaza huo uko? Kamata telekomande ya televisheni. Ielekeze kwa apareyi ya telefone yako, bonyeza, na tazama kwenye kioo cha telefone. Mara nyingi utaona taa ndogo inawaka, hata kama jicho lako halioni kitu kwenye telekomande yenyewe. Ukikosa kuiona na apareyi ya nyuma, jaribu ile ya mbele. Ni kwamba ndani ya apareyi kuko kioo kidogo cha kuzuia infraruji, na ile ya mbele mara nyingi inazuia kidogo kuliko ya nyuma.

SABABU GANI JANI LINAKUWA JEUPE?

Jani la sombe tunaliona kijani kwa sababu dawa yake ya kijani, klorofile, inakula mwangaza mwekundu na wa bluu ili kutengeneza chakula cha mumea. Kijani inabaki kidogo, inarudi kwa jicho letu. Lakini infraruji, jani haliitumie. Ndani ya jani kuko vyumba vidogo vidogo vyenye maji na hewa, na vinarudisha sehemu kubwa ya infraruji inje. Kwa hiyo katika foto ya infraruji jani lenye afya linang'aa sana. Jani linalokauka linapoteza ule mwangaza.

Mambo mengine yanafanya kinyume. Anga ya bluu inakuwa nyeusi, kwa sababu infraruji haitawanyiki sana katika hewa. Maji ya ziwa Kivu yanakuwa meusi kabisa, maana maji yanakula infraruji. Mawingu yanabaki meupe. Na jiwe letu la volkano, ambalo ni jeusi, linabaki jeusi.

Sasa unaelewa kwa nini mutindo huu unafaa Goma kuliko pahali pengi pa dunia. Pale moto ulipopita kuko vitu viwili: jiwe lililoua na jani linalorudi. Kwa foto ya kawaida, kijani chenye giza na jiwe jeusi vinachanganyika. Kwa infraruji vinaachana: kila jani dogo katika ufa wa jiwe linaonekana kama taa.

Na yale majani hayaji ovyo. Kwanza inakuja ile mimea ya majivu-majivu inayoshika jiwe kama kutu, ambayo wenye elimu wanaita Stereocaulon. Kisha yanakuja majani ya fujere, yale yasiyokuwa na maua, yanayopenda nyufa zenye maji. Kisha majani makubwa, na mwishowe miti. Mama wetu hawangojee hayo yote: wanabeba udongo ndani ya mifuko, wanaumwanga katikati ya mawe, wanapanda maharagi.

INFRARUJI ILIKWISHA KUFIKA KIVU

Katika vita vya pili vya dunia, majeshi walitumia filme ya infraruji ili kuona vitu vilivyofichwa. Askari aliyefunika motokari kwa rangi ya kijani alidanganya jicho, lakini hakudanganya filme, kwa sababu rangi ya kopo haina vyumba vya maji kama jani. Nyuma ya vita, kompanyi Kodak iliendelea kutengeneza filme ya namna ile ya kupiga foto kutoka ndege, jina lake Aerochrome. Katika filme hiyo jani lenye uhai linakuwa jekundu ama rangi ya waridi. Katika mwaka wa 2009 Kodak ikatangaza kwamba inaacha kuitengeneza.

Mupiga-foto mumoja wa Irlande, Richard Mosse, akatafuta mabaki ya filme ile, akaja nayo kwetu katika Kivu tangu mwaka wa 2010. Alipiga milima, kambi za wakimbizi, askari na vijiji, na vilima vyetu vyote vikatoka na rangi ya waridi. Katika mwaka wa 2013 alionyesha sinema yake «The Enclave» kule Venise, Italia, kwa jina la inchi ya Irlande. Mwaka uliofuata alipata zawadi kubwa ya wapiga-foto, Deutsche Börse Photography Prize.

Watu walibishana sana juu ya kazi ile. Wamoja walisema: dunia ilikuwa imekwisha kuzoea foto za vita vya Kongo mupaka haizitazame tena, sasa, kwa rangi hii ya ajabu, watu wanasimama na kutazama. Wengine walisema: inawezekana namna gani kufanya mateso ya watu kuwa kitu kizuri cha kutundika kwenye ukuta? Sisi tunaokaa hapa tunaweza kusikia pande zote mbili. Lakini tukumbuke jambo moja: aliyepiga zile foto alitoka mbali. Leo telefone iko katika mukono wa kijana wa Birere, wa Himbi, wa Majengo. Kazi ya kuchagua namna ya kuonyesha muji wetu inaanza kuwa yetu.

Infraruji inafanya tena kazi nyingine, yenye faida zaidi. Tangu mwaka wa 1972, satelite za Marekani zinazoitwa Landsat zinapiga dunia kwa infraruji. Wanaojifunza kilimo wanatazama pale shamba gani lina afya na gani linakauka. Wanaotafuta madini wanatumia infraruji ya mbali kidogo ili kutofautisha aina za udongo na mawe. Na ninyi ndugu zetu wa Rubaya na karyeri nyingine za koltani, mujue kwamba hata ndani ya telefone inayopiga hizi foto mara nyingi kuko kidogo cha jasho lenu: tantali inayotoka kwa koltani inatengeneza vile vitu vidogo sana vya kushika umeme.

MABOMOKO TULIYO NAYO

Kuko watu wanaofikiri kwamba mabomoko ya maana ni yale ya mbali tu. Ni kweli kwamba pwani ya Waswahili ina mabomoko makubwa. Kule Gedi, karibu na Malindi katika Kenya, kuko muji wa mawe ulioachwa miaka mingi sana, na musitu ukaota ndani ya nyumba na misikiti yake. James Kirkman alianza kuufukua katika mwaka wa 1948, na katika 2024 UNESCO iliuandika katika orodha ya urizi wa dunia. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, katika Tanzania, ziliandikwa tangu 1981. Miti mikubwa inayokumbatia kuta za Gedi inafaa sana kwa infraruji.

Lakini tuanze nyumbani. Moto wa 2002 ulitoka katika nyufa za mulima upande wa kusini, ukapita katikati ya Goma, ukafika mupaka ndani ya ziwa. Ulifunika sehemu ya kaskazini ya kiwanja cha ndege. Watu wapata 120,000 walikosa nyumba, na maelfu wengi walivuka mupaka kwenda Gisenyi. Kathedrali ya ndugu zetu Wakatoliki, Saint-Joseph, iliungua. Kuta zake zilibaki kwa miaka bila kipaa, zikisimama ndani ya jiwe. Nyumba zingine za gorofa, chumba cha chini kilijaa jiwe, na chumba cha juu kikawa ndicho cha chini.

Haikuwa mara ya kwanza wala ya mwisho. Tarehe 10 mwezi wa kwanza 1977 mulima ulifunguka na kuua watu katika vijiji. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 ulifunguka tena, ukaharibu maelfu ya nyumba upande wa Buhene, na moto ukasimama karibu na kiwanja cha ndege.

Na ninyi munaokaa katika miji ya madini, tazameni pembeni yenu. Kule Kamituga na kule Kalima kuko nyumba, maofisi na mashini za kompanyi za zamani. SOMINKI iliundwa katika mwaka wa 1976 kwa kuunganisha kompanyi nyingi za Kivu na Maniema, na katika miaka ya 1990 ikaanguka. Kule Manono, muji wa Géomines, ni vilevile. Baba zetu na babu zetu walifanya kazi pale. Mabomoko yale ni kitabu chao, na kila mwaka ukurasa mumoja unaanguka: mutu anatoa matofali, mwingine anatoa vyuma, mvua inamaliza mengine.

NAMNA YA KUFANYA

Infraruji ya kweli inaomba kioo cheusi cha kuweka mbele ya apareyi, kinachozuia mwangaza wote isipokuwa ule wa kupita 720 nanometre hivi. Inaomba tena kitu cha miguu mitatu, kwa sababu apareyi inapashwa kufunguliwa kwa sekunde nyingi bila kutikisika. Vyombo hivi si rahisi kupata kwetu. Kwa hiyo vijana wanafanya mufano wake, maana yake wanapiga foto ya kawaida yenye rangi, halafu wanaigeuza kwa programu. Hizi ndizo hatua:

1. Chagua siku ya jua. Kwa foto za kawaida tunakimbia jua la katikati ya muchana; hapa linafaa, kwa sababu majani yanapata mwangaza mwingi na anga ni ya bluu. Siku moja nyuma ya mvua ni nzuri zaidi: vumbi imeondoka kwenye majani.

2. Tafuta pahali penye vitu vitatu pamoja: ukuta ama jiwe, majani, na anga yenye mawingu kidogo. Bila majani, mutindo huu hauna kazi. Bila ukuta, ni foto ya shamba tu.

3. Piga kwa rangi, si kwa nyeusi na nyeupe. Programu inahitaji rangi ili ijue nini ni jani na nini ni anga. Piga foto mbili ama tatu, na moja iwe na mutu mukubwa ama mulango wa nyumba ili watazamaji wajue ukubwa wa kitu.

4. Hifadhi ile foto ya kwanza. Fanya kazi juu ya nakala tu. Tutarudi juu ya jambo hili.

5. Katika programu ya bure ya ordinatere inayoitwa GIMP, kuko pahali pa kuchanganya rangi tatu za foto: nyekundu, kijani na bluu. Ili kupata foto nyeusi na nyeupe, weka nyekundu 0, kijani 200 kwa 100, bluu kutoa 100. Jumla inabaki 100.

Tufanye hesabu, ili musikubali bure. Katika ordinatere kila rangi inapimwa tangu 0 mupaka 255. Tuseme jani lina nyekundu 80, kijani 130, bluu 50. Kijani mara mbili ni 260. Toa bluu 50, inabaki 210: karibu nyeupe. Anga ina nyekundu 100, kijani 150, bluu 220. Mara mbili ya 150 ni 300. Toa 220, inabaki 80: giza. Jiwe la volkano lina 60, 60, 60. Mara mbili ni 120. Toa 60, inabaki 60: halibadilike. Wingu la 240 kila upande linabaki 240. Umeona? Hakuna uchawi, ni hesabu ya darasa la msingi.

6. Ukipenda rangi ya waridi kama ile filme ya Aerochrome, tumia hesabu ileile kwa sehemu nyekundu ya foto mupya. Katika sehemu ya kijani weka ile nyekundu ya zamani, na katika sehemu ya bluu weka ile kijani ya zamani. Jani letu litakuwa na nyekundu 210, kijani 80, bluu 130: rangi ya waridi yenye nguvu.

7. Kama una telefone tu, programu kama Lightroom inaweza kufanya foto nyeusi na nyeupe na kukuachia kuongeza ama kupunguza kila rangi. Pandisha kijani na manjano, shusha bluu. Fanya kidogo kidogo. Ukisukuma sana, anga inajaa madoa.

8. Filme za zamani zilikuwa na mwangaza kama moshi pembeni ya majani. Ili kuiga hiyo, weka nakala ya foto juu ya foto, ififishe mupaka mistari yake ipotee, kisha iache ionekane 20 ama 30 kwa 100 tu.

PAHALI TELEFONE INAKOSA

Sasa tufike kwa ulizo la wazazi: ni kweli ama ni uongo?

Infraruji ya kweli inaona jani. Mufano wa infraruji unaona rangi ya kijani tu. Tofauti hii ni kubwa. Piga foto ya parseli moja yenye mugomba, na karibu yake shitingi ya kijani ya wakimbizi. Kwa hesabu yetu vyote viwili vitakuwa vyeupe. Lakini kwa apareyi ya kweli ya infraruji, mugomba ungeng'aa, na shitingi ingeweza kubaki na giza, kwa sababu hauna uhai ndani. Tena jani lililokauka na kuwa la manjano, katika mufano wetu linaweza kubaki na mwangaza, hata kama mumea umekwisha kufa.

Kwa hiyo kijana asiseme: «Foto yangu inaonyesha kwamba mimea hii ina afya», ama: «Nimeona kitu ambacho jicho halioni». Hakuona. Telefone ilimuonyesha tu kile alichokuwa nacho tangu mwanzo, kwa rangi ingine. Hiyo si zambi. Mutu anayechora picha ya mulima kwa makaa meusi hasemi uongo. Kila mutu anaona kwamba ni makaa. Uongo unaanza pale unapoficha kwamba uligeuza.

Na kwetu uongo wa foto si jambo dogo. Tunakaa katika inchi ambayo watu wanakimbia usiku kwa sababu ya foto iliyotumwa katika telefone. Anga nyekundu juu ya Nyiragongo: je, ni mulima unafunguka ama ni kijana amecheza na rangi? Mama anaweza kubeba watoto wake na kukimbia mupaka Sake kwa sababu ya muchezo wako. Tena kuko parseli ambazo mipaka yake ilifunikwa na jiwe, na jamaa wanabishana mbele ya shefu wa kartie. Foto ya zamani ya ukuta inaweza kusaidia kumaliza neno. Lakini foto iliyogeuzwa, hata kwa nia nzuri, inapoteza nguvu yake yote ya ushuhuda. Ndiyo sababu tulisema: hifadhi ya kwanza.

Kwa hiyo sheria ni rahisi. Kwa kila foto iliyogeuzwa, andika chini yake: «Rangi zimegeuzwa kwa programu». Maneno 4 tu. Usigeuze kamwe rangi ya mulima, ya moto ama ya damu ili kutisha watu. Na ukiuza foto, muambie munuzi.

HESHIMA KWA WALIOKAA PALE

Mabomoko si pahali pa bure. Kuta zile zilikuwa na wenyewe, na wengine wanaishi bado. Tarehe 21 mwezi wa kwanza 2002, siku 4 nyuma ya moto kuingia Goma, kituo cha petroli kililipuka hapa mujini, na makumi ya watu walikufa pale. Huwezi kujua unakanyaga juu ya huzuni ya nani. Omba ruhusa kwa mwenye parseli. Salimia. Uliza: «Mama, hapa palikuwa nini?» Mara nyingi jibu lake litakuwa na bei kuliko foto yenyewe.

Usipige watu kwa mutindo huu. Rangi ya ngozi inageuka vibaya, na mutu anaweza kufanana na maiti. Piga mutu kwa rangi zake.

Usipige foto karibu na kiwanja cha ndege, mupaka, bandari ama pahali penye watu wenye silaha. Tangu vita vya mwezi wa kwanza 2025, muji wetu una vidonda vipya, na foto moja inaweza kukutia katika taabu. Nenda wawili ama watatu, muchana, na wazazi wajue pahali muko.

Jambo lingine la hatari ni mazuku. Katika sehemu za chini za Goma na pembeni ya ziwa kunatoka hewa mbaya, gazi karboniki, isiyokuwa na rangi. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inalala ndani ya mashimo, zaidi asubuhi mapema na usiku wakati hakuna upepo. Imekwisha kuua nyama na watu. Ukiona ndege ama panya wamekufa ndani ya shimo, usishuke. Usiinamie pango la jiwe ili kupata foto nzuri. Mwenzako akianguka ndani, usijitupe nyuma yake; ita watu. Na kuta za zamani zinaanguka bila kutoa habari: simama mbali kuliko urefu wa ukuta.

FOTO MBILI NA HADISI MOJA

Tunapendekeza kazi hii kwa vikundi vya vijana, katika Goma na katika kila muji wa madini. Kila kijana achague bomoko moja: nyumba, shule, kanisa, mashini. Apige foto mbili pahali palepale: moja ya rangi za kweli, moja ya mutindo wa infraruji. Kisha atafute muzee ama mama aliyejua pahali pale, aandike hadisi yake katika ukurasa mumoja: jina la pahali, palijengwa na nani, palianguka siku gani, watu walienda wapi. Aandike tarehe ya foto.

Ya kwanza itakuwa ushuhuda. Ya pili itaita macho ya wale waliozoea kupita bila kutazama, na itaonyesha wazi pale jani lilipoanza kurudi. Musiziache zote ndani ya telefone. Telefone inaibiwa, inaanguka katika maji. Toeni nakala kwa karatasi, hata chache, na muziweke katika sanduku la kanisa ama la shule pamoja na hadisi. Nyuma ya mwaka mumoja, rudi pale upige tena. Utaona kama ukuta bado unasimama, na kama lile jani la ufa limekuwa muti.

Wazazi, musikataze haraka. Kijana anayekaa saa mbili mbele ya ukuta wa zamani akiuliza wazee maulizo, huyo hapotezi saa zake.

Maulizo ya kuzungumuza katika jamaa:

1. Katika kartie yetu, ni bomoko gani ambalo watoto wetu hawajui hadisi yake? Nani anaweza kuwaeleza mbele hajatuacha?

2. Kuko tofauti gani kati ya kupamba foto na kudanganya kwa foto? Toeni mifano yenu.

3. Kama mugeni akipiga foto ya nyumba yetu iliyoanguka, tungependa aonyeshe nini kwa watu wa kwao?